Je, Kila Kiota Kitangazwe?

Mtu aliyetafuta jambo kwa miaka mingi, akalipata, hutaka kulisema. Tamaa hii si aibu. Maarifa yaliyofungiwa sandukuni hayamfai mtu, na aliyeyafungia akifa huzikwa pamoja naye. Kwa sababu hiyo twawasifu wapigao chapa waliyoyagundua kuliko wajuao wakanyamaza. Lakini kuna kitabu cha namna moja ambacho mwandishi wake, akiwa tayari kukipeleka kwa mpiga chapa, hujiuliza swali ambalo mwandishi wa hesabu au wa sarufi hana haja ya kujiuliza: Je, nikisema yote niyajuayo, nitamdhuru nani? Kitabu hicho ni atlasi ya ndege watagao katika nchi au jimbo fulani.

Yafaa nieleze kwanza kitabu hiki ni kitu gani, maana si wengi kati yetu waliopata kukishika mkononi. Nchi hugawanywa juu ya ramani katika miraba iliyo sawa. Kila mraba hupewa watu wa kuuzunguka katika majira ya kutaga, nao huandika kila aina ya ndege waliyemwona, pamoja na dalili za kuwa anazaa hapo. Mwisho kila aina hupewa ramani yake peke yake, na kila mraba alimopatikana ndege huyo hutiwa kitone. Huko Uingereza chama kimoja cha wapenda ndege kilizunguka hivyo majimbo matatu, Staffordshire, Warwickshire na Worcestershire, toka 1966 hata 1968, na mwaka 1970 kikatoa atlasi ya eneo lile. Kazi iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Toka 1968 hata 1972 visiwa vya Britania na Ireland vilikaguliwa vyote, mraba kwa mraba, kila upande wa mraba ukiwa kilomita 10. Miraba ilikuwa 3,862, na watu zaidi ya 10,000 walishiriki, wengi wao bila ujira wowote ila furaha ya kazi yenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1976.

Kwetu Kenya, Adrian Lewis na Derek Pomeroy walitoa atlasi ya ndege wa nchi hii mwaka 1989. Miraba yao ilikuwa mikubwa, kila upande wapata kilomita 55, nayo ilionyesha ndege waliopo na pia wale waliojulikana kuwa wanazaa. Tangu 2013 kuna kazi mpya ambayo mtu yeyote mwenye macho mazuri na subira aweza kuipelekea majina ya ndege aliowaona, na miraba yake ni midogo, upande mmoja wapata kilomita 9. Msomaji aishike tofauti hii ya ukubwa wa miraba, kwa kuwa nitairudia.

Katika atlasi ile ya 1976 vitone vilikuwa vya namna tatu. Kitone kidogo kilikuwa na maana kwamba ndege ameonekana hapo katika majira ya kutaga, na huenda anazaa. Cha kati, kwamba yaelekea anazaa. Kikubwa, kwamba ni yakini. Na yakini hiyo haikumlazimu mtu kupanua majani na kuchungulia kiota. Mzazi aonekanaye amebeba mdudu mdomoni, akienda na kurudi kichakani, ametoa ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hapana ndege ahangaikaye hivyo kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Mimi naipenda sana kanuni hii. Humfundisha mtafutaji kusimama mbali. Nyayo za mtu mwema katika majani huonyesha njia sawasawa na nyayo za mtu mbaya, na kunguru huzifuata zote mbili bila kuuliza.

Kwa ndege walio wengi swali letu halina uzito wowote. Hapana adhuriwaye kwa kuambiwa kwamba shomoro hutaga chini ya mapaa ya mji. Shida ni ndege wachache walio adimu. Huko Uingereza walikuwako, na hawajakwisha, watu wakusanyao mayai. Hawayali. Huyatoboa tundu dogo, wakapuliza yaliyomo yakatoka, wakayalaza maganda matupu katika droo zilizotandikwa pamba. Na kadiri ndege alivyo adimu, ndivyo ganda lake linavyotamaniwa. Sheria ya 1954 ilikataza kuchukua mayai ya ndege wa porini walio wengi, lakini tamaa hii haikufa kwa sheria. Mwenye tamaa hiyo akipewa ramani yenye kitone cha kweli, amepunguziwa kazi ya miaka. Wala tusidhani kwamba balaa hili ni la ng'ambo tu. Korongo mwenye taji, ambaye sote twamjua kwa mwendo wake wa madaha, hunyang'anywa mayai na makinda yake katika vinamasi vya Afrika Mashariki ili wafugwe au wauzwe, na tangu 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Mfano mmoja wa Scotland wastahili kusimuliwa. Tai mla samaki alikuwa ametoweka katika nchi ile kwa kupigwa risasi na kuibiwa mayai, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 hapakujulikana kiota chake hata kimoja. Mwaka 1954 akaonekana tena akizaa, na baadaye dume na jike wakajenga juu ya mti mrefu karibu na ziwa la Loch Garten. Chama cha kuhifadhi ndege kiliamua kunyamaza. Walinzi waliwekwa usiku na mchana, na mahali penyewe pakafanywa siri. Siri haikufaa kitu. Usiku mmoja wa mwezi wa Juni 1958 mwizi alikwea mti gizani. Walinzi walipomkimbilia alishuka akatoroka, na mayai ya tai yakapatikana chini yamevunjika. Ndani ya kiota palikuwa na mayai mawili ya kuku, yamepakwa rangi ya viatu ya kahawia, ili walinzi waendelee kulinda wasichokijua.

Mwaka uliofuata George Waterston, aliyeongoza kazi ya chama kile katika Scotland, akatenda kinyume kabisa. Alitangaza. Aliwaalika watu waje wamtazame tai kwa darubini kutoka katika kibanda kilichojengwa mbali kidogo na mti, na katika majira yale ya 1959 wakaja watu wapatao 14,000. Tai wakaatamia mayai yao, makinda wakaota mabawa wakaruka. Leo katika Britania kuna zaidi ya jozi 200 za ndege hao, na wengi wasimuliao habari zao huanza na kibanda kile.

Kijana asomaye kisa hiki aweza kukimbilia kusema kwamba jawabu limepatikana: siri huvutia wezi, tangazo huleta walinzi, basi kila kiota kitangazwe. Na afikiri tena. Waterston alikuwa na mti mmoja. Aliweza kuuzungushia seng'enge shinani na kumweka mtu macho usiku kucha, na hata hivyo katika miaka ya baadaye wezi walirudi. Mwandishi wa atlasi ana viota elfu vilivyotawanyika milimani na mabondeni, na hana mlinzi hata mmoja wa kumweka chini ya kila mti. Akitangaza vyote, amewaalika wezi bila kuwaalika watazamaji, kwa maana watu 14,000 hawatakwenda kwenye mwamba wa mbali usio na njia wala kibanda.

Waandishi wa atlasi ya 1976 walifuata njia nyingine. Kwa baadhi ya ndege walio adimu walivisogeza vitone kwa makusudi kutoka katika miraba yake ya kweli, na kitabuni wakasema wazi kwamba wamefanya hivyo. Hapa ndipo mwanafunzi wa maadili anapopaswa kusimama kidogo. Kitone kilichosogezwa, je, si uongo uliopigwa chapa?

Mwaka 1797 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, aliandika makala ambayo watu hawajaacha kubishana juu yake. Alisema kwamba hata muuaji akija mlangoni akiuliza kama rafiki yako amejificha ndani, huna haki ya kumwambia uongo. Wengi wameona neno hili ni gumu mno, nami ni mmoja wao. Walakini Kant ameona jambo moja ambalo wapinzani wake hulipita kwa haraka: mtu asemaye uongo mara moja kwa sababu njema ameondoa kitu katika kila neno atakalolisema kesho. Atlasi haina mali nyingine ila kuaminika kwake. Mkulima hawezi kwenda mwenyewe katika miraba yote 3,862 kuhakikisha, wala waziri, wala mwalimu. Huamini kitone kwa kuwa humwamini aliyekitia. Kitone kimoja kikiwa cha uongo, na msomaji asijue ni kipi, basi vyote vimetiwa shaka.

Lakini yafaa tuulize uongo ni nini. Kumdanganya mtu ni kumtia moyoni jambo ambalo wewe mwenyewe wajua si kweli, huku ukimfanya aamini kwamba walisadiki. Mwandishi asemaye, “Vitone vya ndege hawa nimevisogeza, usivitegemee,” hakumtia mtu jambo lolote la uongo. Ametundika pazia. Pazia si udanganyifu, kwa kuwa kila alionaye ajua kwamba nyuma yake kuna chumba. Angalivisogeza akanyamaza, angalikuwa mwongo, hata kama nia yake ilikuwa kuwaokoa makinda. Kwa hiyo naona kwamba waandishi wale walikuwa na haki ya kufanya walilofanya, na haki hiyo ilitoka katika ule ukiri wao mfupi, ambao pengine wasomaji wengi waliufunua ukurasa wake bila kuusoma.

Hata kukiri kwenyewe kwahitaji akili. Mwandishi akiacha mraba mmoja mtupu, kisha akaandika chini ya ramani hiyo kwamba kuna jambo limefichwa katika mraba ule, amemwambia mwizi kila kitu. Hana budi kukiri kwa jumla, mwanzoni mwa kitabu, kwa aina nzima za ndege.

Mpaka hapa nimesema habari za mwizi peke yake, kana kwamba ndiye adui pekee. Sivyo. Ndege wapotezao viota vyao kwa mwizi ni wachache wakilinganishwa na wale wavipotezao kwa shoka, kwa jembe na kwa trekta. Na hawa maadui wawili hawafanani. Mwizi hutafuta kiota. Trekta halitafuti, hupita juu yake kwa kutokujua. Usiri humzuia wa kwanza kidogo, na humfungulia wa pili njia.

Tazama habari za mnana mmoja wa kwetu, aitwaye mnana wa Kilifi, asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila katika Kaunti ya Kilifi. Wataalamu walimpa jina la kitaalamu mwaka 1913. Walimwona katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na baadaye katika pori la mirihi la Dakatcha, kaskazini yake. Lakini walipotafuta kiota chake hawakukiona. Makundi ya mnana huyu yalitoweka msituni kwa majira, yakarudi na makinda, na hapana mwandishi aliyejua yalikotoka. Hata ilipofika 2013, miaka 100 kamili baada ya kupewa jina, viota vikaonekana Dakatcha. Havikuwa juu ya miti mirefu ambako wengi wangaliinua macho kuvitafuta. Vilikuwa katika mabwawa ya msimu, yale yajaayo maji na majani wakati wa mvua kisha yakakauka.

Katika miaka ile 100, mtu akiamua kulifukia bwawa moja au kulilima, nani angalimzuia, na kwa hoja gani? Ramani ilikuwa tupu. Na watu wenye haraka huisoma ramani tupu vibaya: mtaalamu huiona na kusema, “Hatujui,” lakini mwenye kutaka ardhi huiona na kusema, “Hakuna kitu.” Pori la Dakatcha limekatwa miti kwa makaa na kufyekwa kwa mashamba ya mananasi. Kumficha mnana huyu kusingalimwokoa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufichika kuliko ndege yeyote, na kufichika kule hakukumlinda.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi. Kuna ndege mmoja wa majani ya malisho, mwenye sauti ya kukwaruza, atagaye Ulaya na kupita kwetu akielekea kusini wakati wa baridi ya kwao. Atlasi ya kwanza ya Britania na Ireland ilipolinganishwa na ya pili, ambayo kazi yake ilifanywa toka 1988 hata 1991, vitone vyake vilikuwa vimefutika katika sehemu nyingi. Mashine za kukata majani ziliwaua makinda. Wakulima wa visiwa vya Scotland wakaombwa, na kulipwa, wachelewe kukata, tena waanzie katikati ya shamba kwenda nje, ili makinda wapate njia ya kukimbilia. Ombi hilo lisingeweza kupelekwa kwa mkulima ambaye hapana ajuaye kwamba ndege yuko shambani mwake.

Basi ndiyo hiyo tofauti ya miraba niliyomwomba msomaji aishike. Mraba wa kilomita 55 una eneo la kilomita za mraba 3,000 hivi. Mwizi hapati kitu humo. Lakini wala mpimaji wa barabara hapati kitu, kwa kuwa hawezi kuambiwa aizuie barabara yake kwa sababu ndege yuko mahali fulani katika kilomita za mraba 3,000. Punguza mraba uwe wa kilomita 9, na wote wawili wameanza kuona. Kila hatua imsaidiayo mlinzi humsaidia na mwizi, na hapana ufundi wa ramani uwezao kuwatenga. Kuchagua ukubwa wa mraba si kazi ya mpimaji peke yake, ingawa yeye ndiye ashikaye rula.

Kuna mtu wa tatu, naye husahauliwa kila mara maswali haya yanapozungumzwa na wataalamu. Tuseme mchungaji wa mbuzi amemwonyesha mgeni mwenye darubini bwawa alilolijua tangu utoto wake. Kwake yeye hakuna kilichogunduliwa. Ndege wale aliwajua kabla ya mgeni kuzaliwa. Mgeni huandika, huondoka, na baada ya miaka kitone hutokea katika kitabu. Atlasi yetu ya 1989 iliandikwa kwa Kiingereza na kupigwa chapa Rotterdam, na sidhani kwamba imefika katika zizi la mbuzi. Lakini matokeo ya kitone yaweza kufika. Huenda wakaja watu kusema kwamba bwawa sasa ni hifadhi, na mbuzi wasinywe. Au kwamba makaa yasichomwe, na yeye ndiyo yaliyomlipia mwanawe karo. Mtu huyu si mwizi wala si trekta. Ni shahidi ambaye hakuulizwa kama yu radhi ushahidi wake utumiwe.

Yasemwa kwamba maarifa ni ya watu wote, na kwamba hapana awezaye kumiliki habari ya mahali atagapo ndege. Nakubali neno hilo kwa habari ya ndege. Lakini wale wasemao kwa sauti kubwa kwamba maarifa ni ya wote, aghalabu ni wale ambao maarifa hayawagharimu kitu. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa bwawa la mwenzako.

Nikitakiwa kutoa hukumu yangu, ni hii. Atlasi ipigwe chapa, na isicheleweshwe kwa kuogopa wezi, kwa kuwa giza limeua ndege wengi kuliko mwanga. Kwa wale wachache wanaowindwa na watu, vitone vifichwe, na kitabu kikiri kwamba vimefichwa. Orodha kamili isichomwe moto wala isibaki katika mfuko wa mtu mmoja. Iwekwe mahali ambapo mwenye kutaka kujenga, kulima au kukata miti atalazimika kuuliza, na mwenye orodha atalazimika kujibu. Sisemi kwamba mpango huu hauna kasoro. Mwenye kutunza orodha aweza kuhongwa, na mtu aliyepewa siri nyingi huanza kujiona mkubwa kuliko waliompa. Lakini mlinzi awezaye kuulizwa ni bora kuliko ukimya usioweza kuulizwa.

Na kabla ya hayo yote, mwandishi arudi bwawani. Amtafute yule mchungaji, amwonyeshe karatasi yenye miraba, amweleze kitone ni nini na chaweza kuleta nini, chema na kibaya. Safari hiyo itamla siku mbili na nauli, naye mpiga chapa amekwisha kumwandikia barua tatu akimhimiza. Yawezekana mchungaji akacheka, akasema kwamba ndege hao hawahitaji ruhusa yake. Yawezekana pia akatazama karatasi kwa muda mrefu, akataka kujua ni nani wengine watakaoisoma, kisha akaomba mwaka mmoja ili azungumze na wazee wa kijiji. Mwandishi ampe mwaka huo.